Pikipiki ikiibiwa Kamina: polisi inaweza nini, sheria inasema nini

Swali la kwanza polisi anamuuliza mtu aliyeibiwa pikipiki ni hili: "Numéro ya châssis ni ngapi?" Mara nyingi jibu linakuwa rangi. "Ni nyekundu, TVS, iko na maandishi ya Yesu mbele, taa ya kuume imepasuka." Hayo yote yanasaidia kwa saa moja ao mbili tu. Maandishi yanabanduliwa, taa inabadilishwa, rangi inapakwa mpya kwenye garaji kabla jua halijazama. Kinachobaki ni ile namba iliyogongwa kwenye chuma.

Ku pikipiki nyingi namba ya châssis iko shingoni, pale usukani unapogeukia. Namba ya pili iko kwenye injini, chini, karibu na mahali mguu unapokanyaga. Ku gari ni herufi na tarakimu 17, zinaonekana chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, ao kwenye mlango. Namba hizo hizo zinapaswa kuwa kwenye facture na karatasi za douane. Zipige picha leo. Na usiache picha kwenye simu yako peke yake, ju wezi wakichukua pikipiki wanachukua na simu. Mtumie bibi, mtumie kaka, andika kwenye kitabu cha nyumbani.

Plaque haitoshi. Inatolewa na DGI, ofisi ya kodi, pamoja na carte rose, na ni kitu kizuri kuwa nacho. Lakini inashikwa na vis mbili, na pikipiki nyingi zinazotembea hapa mjini hazina plaque kabisa. Kwa hao, karatasi moja tu inaunganisha mtu na mali yake: facture. Aliyeipoteza facture na hakuwahi kuandika namba anaomba polisi itafute pikipiki nyekundu katika mji uliojaa pikipiki nyekundu.

Na si mambo madogo. Mara nyingi anayeendesha si mwenye mali. Kuna bosi anayengoja versement kila jioni, kuna bibi anayengoja unga, kuna mtoto anayengoja feza ya shule. Pikipiki ikipotea, kijana anabaki na deni la kitu ambacho hakikuwa chake, na bosi anabaki na wazo kwamba kijana mwenyewe ndiye ameiuza. Ndiyo maana nyumba mbili zinaingia katika ugomvi kabla hata polisi hajaandika mstari wa kwanza.

Kwenda kwa nani

Nenda kwenye sous-ciat iliyo karibu na mahali wizi ulipofanyika, iwe Dimayi, Sobongo ao commune ya Kamina. Usingoje "kesho nitapita kwa komanda ninayemjua." Lakini jua hili: si kila mtu mwenye uniforme ya bluu anaweza kupokea plainte yako kisheria. Anayeweza ni OPJ, yaani afisa wa polisi mwenye ruhusa ya kuandika procès-verbal, ile PV ambayo inaweza kufika mbele ya mahakama. Kazi yake inapangwa na ordonnance namba 78-289 ya tarehe 3 Julai 1978, na katika kazi hiyo anasimamiwa na parquet, si na komanda wake peke yake. Polisi wa roulage anaweza kusimamisha pikipiki iliyoibiwa njiani, na ni vizuri ajulishwe, lakini faili yako haiko kwake.

Parquet nayo iko na watu wake, wale inspecteurs wa PJP. Wengine wanakwenda huko moja kwa moja, wengine wanaandika barua kwa procureur. Njia zote zinakubaliwa. Kosa ni kupeleka maneno mawili tofauti mahali pawili, kwa sababu mwanasheria wa mshukiwa atayaweka yale maneno kando kwa kando na kuuliza lipi ni la kweli.

Kutoa plainte hakulipishwi. Tuseme wazi, ju kila mtu anajua ginsi mambo yanavyokwenda: unaambiwa hakuna karatasi, hakuna mafuta, hakuna unité ya kupiga simu. Polisi wengi wanafanya kazi katika shida ya kweli, na raia anayetoa feza kidogo ili jeep itoke anaona amesaidia. Lakini hiyo si kodi wala frais ya sheria, na asiyekuwa nayo anabaki na haki ile ile ya kusikilizwa. Ukitoa kitu, omba reçu. Kuomba reçu peke yake kunapunguza bei, mara nyingine hadi sifuri.

Mbele ya OPJ, sema saa, mahali, nani aliona, funguo ilikuwa wapi, kufuli lilivunjwa ama hapana. Haya ya kufuli yanaonekana ya upuuzi, lakini tutaona chini kwamba yanaweza kuongeza adhabu mara mbili. Kabla ya kutia sahihi, omba usomewe yale yaliyoandikwa, kwa Kiswahili ao Kiluba kama Kifaransa kinakusumbua. Kisha uandike jina la OPJ na tarehe.

Saa za kwanza

Kamina ni njia panda tangu ilipozaliwa. Reli ya BCK kutoka Bukama hadi Ilebo ilimalizika mwaka 1928, na mwaka 1956 ikaja ile ya kuelekea Kabalo. Mji ulikua pale reli zinapokutana. Kinacholeta biashara kinasaidia pia mwizi. Kutoka hapa pikipiki inaweza kuelekea Kaniama na Kasaï, inaweza kupanda Kabongo, inaweza kushuka Bukama na Luena hadi miji ya migodi, inaweza hata kulazwa ndani ya wagon pamoja na magunia ya mahindi. Mwizi mwenye akili hauzi Kamina kitu alichoiba Kamina.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya polisi si kukimbizana, ni simu: kujulisha barrières za kutoka mjini, gare, na commissariats za territoires jirani, na kuwapa namba ile ile ya châssis. Wewe nawe uko na kazi yako. Julisha chama cha wamotari wa parking yako, kwa maana wale wanajua pikipiki za wenzao kwa mlio tu. Leta communiqué redioni. Pita kwa mafundi wa moto, kwa sababu nyingine haziondoki kabisa: zinafunguliwa usiku huo huo na kuuzwa vipande, injini huku, magurudumu kule.

Na usiku? Watu wanakasirika wanapoona polisi wamesimama nje ya kiwanja ambamo kila mtu anasema pikipiki iko ndani. Katiba, kifungu cha 29, inalinda nyumba ya mtu, na sheria ya procédure pénale inakataza kuanza kusaka ndani ya nyumba baada ya saa tatu usiku na kabla ya saa kumi na moja asubuhi, isipokuwa jaji ametoa ruhusa. Kama mwizi anakimbizwa hapo hapo akaingia, hiyo ni mambo mengine, ni flagrance. Lakini "jirani alisikia mlio wa injini" haitoshi kuvunja mlango wa watu saa sita za usiku. Polisi anayezunguka kiwanja hadi mapambazuko, huku mwenzake amekwenda kutafuta mandat, anafanya kazi yake vizuri kuliko yule anayepanda ukuta.

Saa 48

Hapa ndipo hasira nyingi za watu zinatoka, na hapa ndipo tunataka kukaa kidogo.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 18, inasema mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa, na kwamba garde à vue haiwezi kupita saa 48. Saa hizo zikiisha, ni mambo mawili tu: aachiliwe ao apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria. Hakuna la tatu. Kwa hiyo OPJ aliyekamata mshukiwa Jumatatu asubuhi yuko na hadi Jumatano asubuhi kukusanya kitu cha kuonyesha. Kama mwenye mali hajarudi na facture, kama shahidi aliyeona amekwenda shambani, kama hakuna namba ya châssis ya kulinganisha, OPJ anapeleka parquet faili yenye karatasi mbili. Magistrat anasoma, anamwachilia mtu. Jirani wanamwona barabarani siku ya tatu na wanasema: polisi wamekula.

Mara nyingine ni kweli wamekula. Lakini mara nyingine mshukiwa ameachiliwa ju sisi wenye mali tulifikiri kazi yetu imekwisha siku alipowekwa kasho. Haijaisha. Zile siku mbili ndizo za kuleta karatasi na mashahidi.

Akifika parquet, magistrat anaweza kutoa mandat d'arrêt provisoire, ambayo nguvu yake ni siku 5. Baada ya hapo jaji ndiye anaamua kama mtu abaki buloko: siku 15 kwanza, kisha mwezi kwa mwezi. Anaweza pia kumpa liberté provisoire, pengine kwa kuweka caution. Neno hilo linadanganya masikio. Liberté provisoire haisemi mtu ameshinda. Faili inaendelea, na yeye anapaswa kuitika kila anapoitwa. Ukimwona sokoni, usirushe jiwe. Nenda parquet, uliza namba ya faili yako, ile RMP, uulize iko kwa magistrat gani. Mwenye namba ya RMP anajibiwa. Anayekuja na hasira tu anaambiwa arudi kesho.

Wengine wanaleta mambo ya namna hii: mwizi amekimbia, basi polisi wanamfunga mama yake, ao mdogo wake, "mpaka mwenyewe ajilete." Kifungu cha 17 cha Katiba kinakataza. Hakuna mtu anayekamatwa ju ya kosa la mwingine. Mwenye mali anayeomba polisi afanye hivyo anaharibu kesi yake mwenyewe.

Kukamata, ndiyo, kupiga, hapana

Wengi hawajui kwamba sheria inawapa raia nguvu ya kukamata. Kifungu cha 6 cha code de procédure pénale, décret ya tarehe 6 Agosti 1959, kinasema kosa likionekana wazi hapo hapo, na kama adhabu yake inaweza kufika miaka 3 ao zaidi, mtu yeyote anaweza kumshika anayeshukiwa, ikiwa hakuna OPJ wala magistrat hapo, na kumpeleka mara moja kwa yule wa karibu zaidi. Wizi unaingia humo.

Kumpeleka mara moja. Sheria haikusema kumfunga kwenye mti, wala tairi na mafuta. Mtu akifa mikononi mwa kundi, wale waliopiga wanakuwa ndio washukiwa wapya: kupiga na kuleta kifo bila kukusudia kunaadhibiwa miaka 5 hadi 20, na kuua kwa kukusudia ni kifungo cha maisha. Na kuna hesabu nyingine ambayo haisemwi sana. Kijana anayeshikwa na pikipiki ya watu ni mguu tu. Yuko mtu aliyempa funguo za bandia, yuko fundi anayefungua, yuko mnunuzi wa Kolwezi ao Mwene-Ditu. Akifa, majina yote hayo yanakufa naye, na pikipiki nyingine zitaondoka juma lijalo kwa njia ile ile. Wamotari wanaokusanyika kwa dakika chache mwenzao akipiga kelele wako na nguvu ambayo polisi haina. Nguvu hiyo ikimfikisha mtu mzima kwa OPJ, flagrance inaweza kwenda haraka sana, kwa sababu kuna sheria yake yenyewe, ordonnance-loi namba 78-001 ya tarehe 24 Februari 1978, iliyotungwa ili kesi ya namna hiyo isilale.

Wizi, ao abus de confiance?

Mwendesha moto amechukua pikipiki ya bosi asubuhi, hakurudi, simu imezimwa. Bosi anaandika plainte ya wizi. Sheria inaona tofauti: wizi ni kuchukua kwa siri ao kwa nguvu kitu ambacho hukupewa. Huyu alipewa. Kosa lake ni abus de confiance, kifungu cha 95 cha code pénal, miezi 3 hadi miaka 5. Usijali kama uliandika jina la kosa vibaya, magistrat atalirekebisha. Jali kama hakuna hata karatasi moja inayoonyesha kwamba ulimpa pikipiki, siku gani, kwa mapatano gani. Mapatano ya mdomo kwenye parking yanatosha siku za amani tu.

Wizi wa kawaida, kifungu cha 80, unaweza kufikisha miaka 5. Kama kufuli limevunjwa, ukuta umepandwa, funguo za bandia zimetumiwa, ao kama ilikuwa usiku ndani ya nyumba ya watu ao kiwanja chake, kifungu cha 81 kinapandisha hadi 10. Ndiyo ile sababu ya kuongelea kufuli. Wizi wa kutumia nguvu ao vitisho ni miaka 5 hadi 20, na wizi wa kushika silaha unabeba adhabu ya kifo. Panga iliyoshikwa kwa kutisha watu inahesabiwa silaha. Kosa la hadi miaka 5 linahukumiwa na tribunal de paix, linalozidi hapo linakwenda tribunal de grande instance.

Ukinunua

Bei ndogo sana usiku, muuzaji ana haraka, facture "itakuja kesho." Kila mtu anajua, na bado kila mtu ananunua. Anayeficha ao kupokea kitu huku anajua kimetoka kwenye kosa anafanya recel, na recel inapeleka buloko kama wizi wenyewe. Na hata yule aliyenunua kwa moyo safi anaweza kupoteza: sheria ya mali inampa aliyeibiwa miaka 3, tangu siku ya wizi, kudai kitu chake mikononi mwa yeyote aliye nacho. Kabla ya kutoa feza, inama shingoni mwa pikipiki na usome namba. Chuma kilichokunwa, ao namba zisizokaa kwenye mstari mmoja, zinakuambia yote.

Gari ziko na njia yake. Tangu zamani motokari zilizoibiwa Afrika ya Kusini zinapanda kupitia Zambia na Kasumbalesa hadi Katanga. Polisi za eneo la kusini zinashirikiana ndani ya SARPCCO tangu 1995, na zile za mashariki ndani ya EAPCCO tangu 1998. Kongo iko katika zote mbili. Interpol nayo iko na orodha ya magari yaliyoibiwa duniani, inayosomwa kwa zile herufi na tarakimu 17, na ofisi yake kwetu iko Kinshasa. Maana yake kwa mtu wa Kamina ni kwamba gari uliyonunua Lubumbashi kwa bei nzuri inaweza kusimamishwa miaka miwili baadaye na polisi mwenye namba mkononi.

Polisi mwenyewe akiwa ndiye shida

Inatokea. Pikipiki imepatikana, imesaisiwa, na kisha inaonekana mjini ikibeba mtu wa uniforme. Ao mwenye mali anaambiwa alipe "garde" ya siku zote pikipiki ilikaa commissariat. Kitu kilichosaisiwa kinapaswa kuwa na PV de saisie na kufuatana na faili hadi parquet. Si mali ya ofisi. Andika barua kwa magistrat mwenye faili, weka kopi ya facture, omba mainlevée ili urudishiwe. Akiona hakuna anayebisha kwamba ni yako, na picha na namba zimewekwa kwenye faili, hakuna sababu ya kuishikilia hadi hukumu. Ufike na fundi unayemwamini siku ya kuchukua, mwangalie injini pamoja kabla ya kutia sahihi, kwa maana ukishatia sahihi umekubali kwamba ulipokea kitu kizima.

Plainte ju ya polisi inakwenda kwa mkubwa wake, ao kwa Inspection générale ya PNC. Kama ni kosa la kuhukumiwa, kifungu cha 156 cha Katiba kinaweka polisi na askari wa FARDC mbele ya mahakama za kijeshi, kwa hiyo unaandikia auditorat militaire. Katika mji wenye base kama wetu, ni vizuri kujua mlango huo uko wapi.

Bado kuna kinga. Watu wanaosukuma makala, samaki ya Kisale na magunia ya mihogo kutoka vijijini hawana facture, hawana plaque, na wakiibiwa wengi hawaendi hata sous-ciat kwa kuona aibu ya kusumbua watu ju ya vélo. Lakini kinga nyingi ziko na namba pia. Geuza chini juu, safisha matope pale pédales zinapozungukia, utaiona imegongwa kwenye chuma. Inaandikwa kwenye plainte sawasawa na ile ya pikipiki, na OPJ anapaswa kuipokea.